Dawa Si Pipi

Mzazi na mlezi wa Pongwe,

Mtoto akigoma kunywa dawa, wengi humbembeleza: "Kunywa mwanangu, pipi hii." Dawa itapita, lakini mtoto ameshashika somo baya. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki vingi ni vyekundu na vinang'aa kama pipi. Mtoto wa miaka miwili akivimeza, madini ya chuma yaliyomo yanaweza kumuua. Mwambie ukweli: "Hii ni dawa. Anakupa mama au bibi tu, ukiumwa."

Mtoto wa miaka mitatu au minne hashiki maelezo marefu. Mfundishe maneno haya, ayaimbe hata akicheza: "Sikijui, sikionji, namuuliza mkubwa." Kisha mwekee chupa ya maji na dumu la mafuta ya taa, vyote vimefungwa, umuulize kipi cha kunywa. Mafuta ya taa yasitiwe kabisa kwenye chupa ya soda. Hata mtu mzima hukosea, sembuse mtoto mwenye kiu.

Anayetambaa hafundishiki bado. Huyo analindwa na kabati la juu lenye kufuli: sumu ya panya, jiki na dawa zote zikae humo, si uvunguni. Bibi akija kulala, mwombeni kwa heshima vidonge vyake vya presha visibaki kwenye fundo la kanga.

Hapa kwetu kuna chokaa pia. Mfuko uliobaki baada ya kupaka ukuta usiachwe uani. Chokaa ikimwingia mtoto jichoni, pangusa unga ulio usoni, mwagie jicho maji safi mengi mfululizo kwa dakika 20, ndipo umpeleke hospitali.

Akishameza sumu

Usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi kooni huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Usimpe maziwa kwa kudhani yanaua sumu. Toa kilichobaki mdomoni, beba chupa au pakiti yenyewe, mkimbize Kituo cha Afya Pongwe au Hospitali ya Bombo. Usingoje dalili: paracetamol iliyozidi huharibu ini huku mtoto akionekana mzima siku nzima.

Na tafadhali, usimchape. Mwenye hofu ya fimbo huficha alichokula. Muulize kwa upole amekula nini, kiasi gani na saa ngapi, ukamweleze daktari.