Kabla ya Kununua Nyingine, Pitia kwa Fundi

Wadogo zangu, leo tuongee nguo. Nawaambia mapema kwamba sina orodha ya zile "nguo kumi ambazo kila kijana lazima awe nazo". Orodha hizo nimezisoma, zimejaa makoti mazito na mabuti, nawe unaamka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, unagombania daladala, na jasho limeshakulowanisha mgongo kabla jua halijachomoza. Tuongee ya kwetu.

Swali mnaloniletea sana, wa kike kwa wa kiume, ni hili: umeanza kazi, au uko field, au umemaliza chuo unazunguka na bahasha ya vyeti, na kila ukivaa unajiona hujakaa sawa, ilhali nguo unazo. Kabati halifungi, na kuna mfuko mwingine chini ya kitanda. Mwenzako ana mashati manne tu, tena unayajua yote, na kila siku anatokelezea. Unasema ana hela. Pengine anazo, mimi simhesabii. Lakini mara nyingi tofauti yenu ni kwamba nguo zake zimepita kwa fundi, zako zimetoka kwenye lundo zikaingia mwilini moja kwa moja.

Hebu fikiria mtumba unatoka wapi. Ile suruali ilikatwa kwa ajili ya mtu wa Ujerumani, au Kanada, au Korea, ambaye bega lake na urefu wa miguu yake havijuani na vyako. Inakukaa vizuri kwenye hipsi, ukifika kiunoni inaacha uwazi wa kupitisha ngumi. Kaka mdogo, wewe shati limekukubali shingoni, mikono yake imefika kwenye vidole. Hata zile mpya za Mtaa wa Kongo, Kariakoo, zinazoshuka na makontena kutoka China, zimeshonwa kwa saizi za jumla, na hakuna mtu aliyezaliwa na mwili wa jumla. Kwa hiyo usianze kuuchukia mwili wako kwa sababu ya suruali ya mtu mwingine.

Ndiyo maana mimi pesa ya fundi huihesabu ndani ya bei. Umeambiwa suruali elfu nane? Hiyo ni elfu nane na ya kupunguza kiuno na kukunja pindo. Kama ya fundi huna, suruali hiyo bado hujaimudu. Iache, atakayeimudu ataichukua.

Ila fundi naye si mganga, na hapa ndipo wengi mnapopigwa. Kitu cha kwanza kutazama kwenye shati, koti au blauzi ni bega: mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Ukining'inia chini ya hapo, au ukipanda kuelekea shingoni, rudisha nguo. Kurekebisha bega la koti ni kufumua mkono mzima na kuurudisha upya, na mafundi wanaoweza kuurudisha ukakaa kama ulivyokuwa ni wachache na bei yao unaijua. Kiuno kinapunguzika. Ubavu wa shati unabanwa, mguu wa suruali unapunguzwa, gauni linapandishwa. Kuongeza ndiko kwenye mtihani: igeuze nguo ndani nje uangalie kama kuna akiba ya kitambaa kwenye mshono. Kama imekatwa karibu na kupigwa ovaloki, hapo hakuna pa kuongezea, na muuzaji anayekuambia "itaachia ukishaivaa" anataka kufunga hesabu aende nyumbani.

Nunua futi ya fundi, ile ya kukunja, ikae kwenye begi lako. Mwombe fundi akupime mara moja vizuri, kisha andika kwenye simu kwa inchi, maana ndiyo lugha yao: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, urefu wa mguu kwa ndani. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, na wewe binti hutaki kuvua suruali nyuma ya khanga iliyoshikwa na mtu usiyemjua. Wauzaji watakuonyesha ule ujanja wa kuzungushia kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana inakutosha. Haukosei sana, lakini unakupa habari za kiuno peke yake. Hipsi zako shingo haizijui. Futi ndiyo itakayokuambia. Na ukinunua kwa wale wa Instagramu, usiulize kama ana "M". Muulize inchi za kifua na kiuno. Akishindwa kukujibu, hela yako ibaki kwako.

Kuhusu mtumba wenyewe, wazoefu wanajua: belo likifunguliwa asubuhi unapata chaguo la kwanza kwa bei ya juu, na jua likishuka bei inashuka nalo, zimebaki zilizoachwa. Ni hivyo Karume, ni hivyo Memorial pale Moshi, na ndugu zetu wa Gikomba, Nairobi, hilo la kwanza wanaliita kamera. Mimi nashauri nguo za kazini uziendee asubuhi, za kushinda nyumbani jioni. Ukishika nguo, tazama kola, kwapa na katikati ya miguu, ndiko uzee wa nguo unakoanzia. Pandisha na kushusha zipu mara mbili tatu. Inyanyue kwenye mwanga uone kama imechakaa ikawa chujio. Nguo za ndani za mtumba usiguse kabisa. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za afya, na hata zisingepigwa marufuku, kuna vitu mtu anavaa vyake.

Kitambaa nacho ni nusu ya safari, hasa ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja. Poliesta haipitishi hewa vizuri na inang'ang'ania harufu ya jasho. Ndiyo ile blauzi unaifua, unaianika, unaivaa ikiwa safi, ukifika Posta inanuka kama hukuifua. Pamba, kitani na viskosi vinapumua. Soma lebo iliyo kwenye mshono wa ubavuni. Kama imekatwa, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, na ukifika nyumbani uuchome: wa pamba unanukia karatasi iliyoungua na kubaki majivu, wa poliesta unayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kwa mdogo wangu wa Njombe au Mbeya, najua mwezi wa sita huko si wa mchezo, ila hata wewe vaa pamba ndani na sweta juu, kwa sababu saa saba mchana utaivua.

Sasa hesabu wiki yako. Namaanisha hesabu kweli: siku ngapi kazini au chuoni, siku ngapi ibada, mara ngapi unatoka na marafiki, mara ngapi uko nyumbani. Kabati la wengi wenu limepangwa kwa maisha ya Jumamosi usiku, na Jumamosi usiku ni moja. Nani atakuvalisha Jumatatu hadi Ijumaa? Halafu kumbuka unasafirije. Sketi ya kubana haipandi bodaboda, ikipanda inakuaibisha. Viatu vya visigino havisimami kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Vaa raba au simpo njiani, viatu vya ofisini vikae chini ya meza yako. Hakuna atakayekucheka, wengi wao wanafanya hivyohivyo. Anayeingia utumishi wa umma ajue pia kuna waraka wa mavazi tangu mwaka 2007, na kwenye milango ya ofisi nyingi picha za mavazi yasiyoruhusiwa zimebandikwa. Mlinzi wa getini hajali jinzi yako ni ya bei gani.

Rangi sitakaa nazo sana. Chagua mbili za chini zisizogombana na kitu, kama bluu ya giza na kaki, au nyeusi na kijivu, suruali na sketi zako ziwe humo. Juu cheza unavyotaka: damu ya mzee, njano, kijani. Yule aliyekuambia weusi hawavai njano alikuwa anasumbuliwa na mambo yake. Ila moja mlishike: chini ya nguo nyeupe vaa sidiria au vesti inayokaribia rangi ya ngozi yako. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana kuliko unavyodhani. Na gauni jepesi lina dawa yake ya zamani inayoitwa gagulo, muulize mama.

Nifike kwenye kinachowamaliza hela kuliko vyote, na hamkisemi: sare za sherehe. Mwezi huu kitchen party, ujao send-off, halafu harusi yenyewe, na kila moja ina kitenge chake au satini yake, ina mchango wake na fundi wake. Unashona gauni la mkia wa samaki kwa elfu sitini pamoja na kitambaa, unalivaa siku moja, mara ya pili watu wanakuuliza, "Si lile la harusi ya fulani?" Hiyo ni elfu thelathini kwa kila uvaaji. Viatu vya ngozi vya elfu sitini ulivyoviona ghali, ukivivaa siku mia mbili, umelipa mia tatu kwa siku. Nani sasa ananunua vya bei mbaya?

Sisemi usishone sare. Tunaishi na watu, na nawe siku yako itafika. Nasema shona kwa akili. Badala ya gauni, shona sketi na blauzi mbali mbali. Baada ya harusi ile sketi ya kitenge inakwenda kazini na blauzi nyeupe, na ile blauzi inakwenda na suruali nyeusi. Mwambie fundi asijaze mawe na lesi visivyong'oka. Wewe wa kiume umepewa kitenge cha shati, shona shati la mikono mifupi lenye kola ya kawaida, na Ijumaa litakupeleka kazini. Na kitambaa kikiwa zaidi ya uwezo wako, mwambie bibi harusi mapema, kwa adabu, kwamba utakuja na rangi inayofanana. Anayekupenda ataelewa. Kuazima gauni nako sikushauri kama mazoea; wazee walishasema cha kuazima hakisitiri maungo.

Na kwa kuwa mtakwenda kwa fundi, mjue kukaa naye. Kitenge na pamba nyingine ziloweke na kuzianika kabla ya kukatwa, maana hunywea, na gauni lililokukaa siku ya kwanza likifuliwa linakuwa la mdogo wako. Mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri aipimie, usimpe picha ya simu peke yake. Yule kwenye picha ana kiuno chake. Mwombe aache akiba ya inchi moja kwenye mishono ya ubavu, kwa sababu mwili hunenepa na kukonda. Gauni jepesi litiwe bitana. Mtajie siku iliyo kabla ya siku unayoihitaji, na malipo yote usimalize hadi umelijaribu. Marekebisho madogo usiyapeleke kwa fundi wa harusi, atayaweka chini ya mafungu. Yule anayepita mtaani na cherehani begani atakukunjia pindo ukiwa umekaa naye hapo kibarazani.

Dada wa baibui, nawe umo. Mtu anaona pindo, viatu, mkoba na mtandio, basi hivyo vinne viwe safi. Pindo linaloburuza chini huchanika na kubeba tope la Kariakoo hadi sebuleni kwa watu. Lipandishwe liguse juu ya kiatu tu. Nyeusi ifuliwe imegeuzwa na kuanikwa kivulini, la sivyo kwa jua letu itageuka rangi ya kutu. Hilo ni kwa jinzi na tisheti zenu pia.

Vishikizo vilivyolegea kaza mwenyewe, sindano na uzi havihitaji cheti. Piga pasi usiku, kwa sababu umeme wa asubuhi hauna mkataba nawe. Viatu vipigwe kiwi, na soli ikianza kuachia peleka kwa fundi viatu siku hiyohiyo, usisubiri mvua za masika zikuvue hadharani.

Basi mshahara au boomu la chuo likiingia mwisho wa mwezi huu, najua miguu itaelekea Kariakoo yenyewe. Izuie kidogo. Toa nguo zako zote kitandani, chagua tatu unazozipenda ambazo hazikukai sawa, uzipeleke kwa fundi kwanza. Zile ambazo hata fundi hawezi kuzisaidia, mpe mtu zinayemkaa. Ndipo uende sokoni, na futi yako kwenye begi.