MIGUU YA FARASI NA JICHO LA MWANAFUNZI

Kutazama si kuona. Watu waliishi na farasi maelfu ya miaka, wakampanda, wakamlisha, wakamchora. Walakini hawakujua kwa yakini jinsi anavyoipeleka miguu yake akienda shoti. Wachoraji walizoea kumwonyesha yu hewani, miguu ya mbele imenyoshwa mbele na ya nyuma imenyoshwa nyuma. Wengine walibisha, wakasema farasi hawezi kamwe kuiondoa miguu yote minne katika ardhi kwa mara moja. Kila mtu alishika neno lake, maana miguu ile huenda upesi kuliko jicho.

Huko California, katika Marekani, palikuwa na tajiri mmoja, Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana. Yeye alitaka kuijua kweli, akamwita mpiga picha mzaliwa wa Uingereza, jina lake Eadweard Muybridge. Mwezi wa Juni, 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari kando ya njia, akatandaza nyuzi kuikata njia hiyo. Farasi alipopita mbio alizikata nyuzi moja baada ya moja, na kila uzi ulipokatika kamera yake ilipiga picha. Waandishi wa magazeti walialikwa kushuhudia, na picha zilisafishwa papo hapo, watu wasije wakasema zimetengenezwa kwa hila.

Zilionyesha nini? Kweli miguu yote minne iliondoka chini. Lakini si iliponyoshwa, bali ilipokusanyika chini ya tumbo. Basi pande zote mbili zilikuwa zimekosa.

Kazi ya namna hiyo yaendelea hata leo. Katika likizo kubwa ya miezi ya joto, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani huchagua wanafunzi ambao hawajapata digrii ya kwanza, wakae majuma kama kumi pamoja na mtaalamu, wajifunze uchunguzi. Wengine huchunguza jinsi wanyama wanavyotembea, wanavyoruka, wanavyoogelea na kupanda. Wanazo kamera ziwezazo kupiga mamia ya picha kwa sekunde moja, na mabamba yapimayo nguvu ya mguu unapokanyaga.

Bali chombo si mwalimu. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuuliza swali moja dogo liwezalo kujibiwa. Kisha kurudia kipimo mara nyingi, kwa wanyama wengi, maana mmoja aweza kuwa kilema au mwoga. Tena hufundishwa kuwatendea wanyama kwa upole. Mwisho wa majuma hayo husimama mbele ya walimu na wenziwe, akaeleza aliyoyaona.

Hapo ndipo penye jaribu. Pengine alitumaini jibu moja, na hesabu zatoa jingine. Akiifuta hesabu isiyompendeza, huenda asijulikane siku ile. Lakini wengine watajenga juu ya uongo wake. Mwanafunzi mwaminifu huandika kipimo kama kilivyo.

Hata vitabu hukosa. Mwaka 2009 wataalamu wa Hungary walieleza jinsi walivyochungua sanamu na picha za wanyama wa miguu minne wakitembea, katika majumba ya makumbusho na katika vitabu. Waliona kwamba nyingi zilipanga miguu isivyo, ijapokuwa kweli ilikuwa imejulikana zaidi ya miaka mia moja.

ZOEZI. Farasi atembeapo polepole, huinua kwanza mguu wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Je, mbuzi naye hufanya hivyo? Nendeni wawili wawili mkamtazame. Mmoja atazame na kutaja, wa pili aandike; kisha mbadilishane. Msipopatana, msigombane: mtazameni mbuzi tena.