Programu Inapokataa Kufunguka Kwenye Kompyuta ya Mbali

Mtumiaji wa huduma za mawasiliano anaweza, akiwa nyumbani, kuendesha programu iliyomo katika kompyuta ya ofisini kwa njia ya intaneti. Programu hiyo ikikataa kufunguka, usibonyeze ovyo wala kumwita fundi usiyemfahamu. Soma ujumbe wa hitilafu, unakili kama ulivyo, kisha jiulize maswali yafuatayo kwa mpangilio.

1. Je, kompyuta ya mbali inapatikana? Isipopatikana kabisa, tatizo si programu. Hakikisha imewashwa, haijalala na ina intaneti. Fahamu pia kuwa Windows toleo la Home haipokei muunganisho wa Remote Desktop; toleo la Pro hupokea.

2. Je, unayo ruhusa? Ukikataliwa ilhali nywila ni sahihi, huenda akaunti yako haijaruhusiwa kuingia kutoka mbali. Kwa kawaida Windows huikataa pia akaunti isiyo na nywila. Usizime ulinzi ili upite. Weka nywila imara, na umwombe msimamizi akuongeze katika orodha ya walioruhusiwa.

3. Je, faili liko wapi? Ujumbe ukisema faili halikupatikana, kumbuka kuwa programu hulitafuta katika diski ya kompyuta ya mbali, si katika diski yako. Kilichosakinishwa kwako hakipo kule.

4. Je, inafunguka kule kule? Mwombe aliye mbele ya kompyuta hiyo aifungue kwa akaunti ileile. Ikifunguka, kasoro iko katika muunganisho au mipangilio ya kuingia kutoka mbali. Isipofunguka, kasoro ni ya programu yenyewe au ya akaunti hiyo.

TAHADHARI: Mtu usiyemwita akikupigia simu kudai kuwa kompyuta yako ina hitilafu, na kukutaka usakinishe programu itakayomruhusu kuingia, kata simu. Akishaingia, huona unachokiona, na anaweza kuhamisha fedha zako mbele ya macho yako. Iwapo umekwisha kumruhusu, kata intaneti mara moja, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, iarifu benki yako na utoe taarifa polisi. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria.

Nywila ni siri yako. Fundi wa kweli hahitaji kuijua.