Sufuria, Ukwaju na Magadi

Bila shaka umewahi kuona jambo hili. Mama amepika mchuzi wa ukwaju, ukabaki, ukalala ndani ya sufuria. Asubuhi sehemu iliyoguswa na mchuzi inang'aa kuliko nyingine, au ina vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano. Kilichotoka hapo kimekwenda wapi? Kimo ndani ya mchuzi.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Madini haya yakipata hewa hujifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana, nayo ndiyo inayoyalinda. Ngozi hiyo huliwa na vitu vichachu kama ndimu, ukwaju, nyanya na siki. Magadi pia huila. Ndiyo maana sufuria iliyopikiwa kunde kwa magadi hugeuka nyeusi.

Karatasi ya alumini ya kufungia chakula ni madini yale yale. Samaki aliyepakwa ndimu na chumvi huweza kuitoboa. Mfunge kwanza kwa jani la mgomba, ambalo kwa maoni yetu humpa harufu nzuri zaidi.

Je, tuogope? Alumini nyingi tunayoimeza hutoka kwa njia ya choo, na kiasi kidogo kinachoingia katika damu huondolewa na figo. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kupikia wali au ugali hakuna shida. Vyakula vichachu visilazwe humo, vihamishiwe kwenye bakuli.

Hatari kubwa iko kwenye sufuria nzito zinazosubiwa na mafundi kwa vyuma chakavu, kama vipande vya injini. Humo huweza kuwamo risasi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, zikiwamo Tanzania na Kenya. Kiasi cha theluthi moja vilitoa risasi ya kuweza kudhuru. Risasi haina harufu wala ladha, na kusugua sufuria hakuiondoi. Huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni, naye akikua huwa mzito wa kujifunza.

Kwa hiyo uji wa mtoto, hasa wenye ndimu au ukwaju, upikwe katika chungu cha udongo kisichopakwa rangi, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Ile ya kusubu ibaki ya kuchemshia maji ya kufulia.