Kibali ni cha Ghorofa Ngapi?

Fiqhi inaruhusu kununua fleti isiyojengwa bado, ndiyo istisnaa. Sharti kitu kielezwe wazi. Lakini wengi wetu tunauliza bei na vigae, hatuulizi kibali kimeruhusu ghorofa ngapi. Jengo lililoanguka katikati ya Dar es Salaam, Ijumaa ya Machi 29, 2013, na kuua watu 36, lilikuwa limefika ghorofa 16. Kibali kilielezwa kuwa cha 10. Aliyelipia ghorofa ya 12 katika jengo la namna hiyo atadai nini? Hati ya fleti, kwa sheria ya mwaka 2008, hutoka baada ya ramani ya jengo kusajiliwa. Ghorofa ya wizi itasajiliwa kwa ramani gani? Muulize muuzaji swali hilo kabla hujatoa arubuni.