Shule ya Wadachi Tanga na Swali la Lugha ya Kufundishia

Hapa Bungulu, mtoto akiulizwa asubuhi anakwenda wapi, atajibu: « Ninaenda ku masomo. » Mwenzake wa Tanga atasema anakwenda shule, na yule wa Unguja atasema anakwenda skuli. Jambo ni moja, maneno ni matatu, na kila neno lina historia yake. « Masomo » limetoka katika kitenzi chetu wenyewe, kusoma. « Skuli » limetoka kwa Waingereza. « Shule » ni neno la Kijerumani, Schule. Katika makala haya tutalifuata hilo la tatu hadi lilikoanzia, kwa sababu safari yake inagusa swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha: ni nani anayechagua lugha ya kufundishia, na anaichagua kwa faida ya nani?

1. Mwanzo wa shule

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilifungua shule katika mji wa Tanga, pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilikuwa shule ya kwanza ya serikali katika koloni lile. Shule za wamisionari zilikuwapo tayari, na kabla ya hizo vilikuwapo vyuo vya Kurani, ambamo watoto wa pwani walijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo Wadachi, kama Wajerumani walivyoitwa wakati ule, hawakuwakuta watu wasiojua maandishi. Walikuta maandishi mengine.

Serikali ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na watoza kodi. Watu hao wangetoka wapi? Wazazi wengi wa pwani walikuwa Waislamu, na waliogopa kuwapeleka watoto wao kwa wamisionari. Gavana von Soden, aliyetawala kuanzia 1891 hadi 1893, alitaka shule ya serikali isifungamane na dini ya Kikristo. Wamisionari wengi hawakupendezwa. Kwa upande wa lugha, uamuzi ulikuwa huu: masomo yatolewe kwa Kiswahili, kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na Kijerumani kifundishwe kwa wachache waliofika kalasi za juu.

2. Ngazi tatu

Baadaye shule za serikali zilipangwa kwa ngazi. Chini zilikuwa shule ndogo za wilayani, zilizoitwa Nebenschule, ambako mtoto alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Juu yake zilikuwa shule kuu, Hauptschule. Tanga ilikaa kileleni, ikitoa makarani na walimu waliopelekwa sehemu mbalimbali za koloni. Palikuwa pia na mafunzo ya ufundi, kama useremala na uchapaji.

Tusiikuze picha hii kupita kiasi. Hadi 1914, wanafunzi wa shule zote za serikali walikuwa karibu 6,000 tu, huku shule za misioni zikiwa na zaidi ya laki moja. Lakini hao wachache walikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: Kiswahili cha maandishi kinachoeleweka kutoka pwani hadi maziwa makuu.

3. Gazeti

Katika shule hiyo ya Tanga lilizaliwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, mwaka 1904. Lilichapishwa hadi vita vilipolikatiza mwaka 1916. Halikuwa la kwanza, kwa maana wamisionari walikuwa wametoa Msimulizi tangu 1888. Lakini Kiongozi lilisomwa na makarani na walimu wa makabila na dini mbalimbali, na wao wenyewe waliandika humo habari za mahali walipokuwa. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili ni kubwa. Lugha ya biashara na misafara, ile ile iliyofika Manyema na Kivu katika karne ya 19, hapa ilikuwa inazoea kazi mpya: taarifa, barua ya ofisi, hoja ya gazetini.

4. Faida ilikuwa ya nani?

Waingereza walipochukua utawala baada ya vita, maofisa wao walikiri kwamba walikuta nchi ambayo mtawala angeweza kumwandikia akida au jumbe kwa Kiswahili, naye akajibu kwa maandishi. Sifa hiyo ina pande mbili. Barua hiyo mara nyingi ilihusu kodi, kazi ya lazima na adhabu. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa. Kiswahili cha shule kilikuwa pia sauti ya serikali iliyochukiwa.

Hata hivyo lugha haikubaki mikononi mwa aliyeichagua. Mwaka 1922 makarani Waafrika waliunda chama chao hapo hapo Tanga, chini ya uongozi wa Martin Kayamba. Miaka thelathini na zaidi baadaye TANU ilizunguka nchi nzima ikidai uhuru kwa Kiswahili. Chombo kilichotengenezwa ili kutoa amri kiliweza pia kubeba madai.

5. Shule leo

Shule ya Tanga ingali hai. Leo ni shule ya sekondari ya serikali yenye mkondo wa ufundi, na watu huiita Tanga School au Tanga Ufundi. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Shule iliyoanza kwa Kiswahili chini ya wakoloni, leo, kama sekondari nyingine za serikali ya Tanzania, inafundisha kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki somo moja kati ya mengine. Neno la Kijerumani limedumu katika jina la kila shule nchini. Wazo la kufundisha kwa Kiswahili hadi juu halikudumu.

6. Na sisi?

Tusiwacheke jirani zetu. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha. Lakini mwanafunzi wa Beni au Butembo akifika sekondari, anaandika Kifaransa, na Kiswahili anakiacha uani pamoja na Kinande.

Hasara yake tuliiona wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Maelezo ya maabara, chanjo na mazishi salama yalihitaji kufika kwa mama wa sokoni na kwa dereva wa pikipiki, kwa maneno wanayoyaamini. Aliyesoma alikuwa na maneno ya Kifaransa. Aliyehitaji kuelewa alikuwa na Kiswahili cha Kivu au Kinande. Katikati yao palikuwa na pengo, na katika pengo hilo uvumi uliingia kwa urahisi.

Funzo la Tanga halisemi kwamba Wadachi walitupenda. Linasema kwamba lugha yetu iliweza kufanya kazi ya ofisi, ya gazeti na ya ufundi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mara tu walipopatikana walimu, vitabu na mashine ya kuchapa. Anayedai leo kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu ana deni la kutueleza ni nini kilichobadilika.

Maswali ya kujadili kalasini

1. Tafuta maneno matano ya Kiswahili cha Beni yaliyotoka katika Kifaransa. Je, yaliingia kupitia shule, kazi au biashara?
2. Tanzania husema « hela », neno lililotokana na sarafu ya Kijerumani, Heller. Sisi husema « feza » na « makuta ». Kila neno linatuambia nini kuhusu utawala uliopita?
3. Chukua ukurasa mmoja wa somo lako la Kifaransa, uueleze kwa Kiswahili mbele ya mtu ambaye hakusoma sekondari. Andika ulikwama wapi, na kama tatizo lilikuwa la lugha au la kwako.