Karatasi imara: jaribu mambo matatu kwa mpango mmoja

Karatasi ikichanika ovyo, mafundi wengi hubadili jambo moja moja: leo wanazidisha muda wa kuponda nyuzi, kesho wanaongeza wanga, keshokutwa wanakaza mashine ya kukamulia. Njia hii inakula malighafi, na inaficha kwamba mambo haya hutegemeana. Kuponda huchambua uso wa nyuzi zipate kushikana. Wanga nao huzigandisha. Kwa hiyo wanga uliosaidia sana rojo la nyuzi lililopondwa kidogo huenda usiongeze lolote la maana kwenye rojo lililopondwa barabara.

Mwanatakwimu Mwingereza R. A. Fisher alikutana na tatizo la aina hii kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, na mwaka 1935 akachapisha kitabu kuhusu namna ya kupanga majaribio. Mbinu yake inafaa hata karakana ndogo.

Chukua vigezo vitatu, kila kimoja na viwango viwili. Tuseme kuponda dakika 20 au 40; wanga asilimia 0 au 2 ya uzito wa nyuzi kavu; kukamua kwa nguvu ndogo au kubwa. Hapo unapata mafungu 8, kila moja na mseto wake wa viwango. Andika kila mseto kwenye kikaratasi, upige kura, kisha ufuate kura hiyo bila kuibadili, hata ikikusumbua. Ukitengeneza yote yasiyo na wanga asubuhi na yenye wanga mchana, huwezi kujua kama kilichofanya kazi ni wanga au joto la maji. Ongeza mafungu matatu ya viwango vya kati: mwanzoni, katikati na mwishoni. Yanavyopishana ndivyo kazi yako inavyoyumba yenyewe. Tofauti isiyozidi hapo usiitegemee.

Kabla ya kupima, ziache karatasi zote chumba kimoja zizoee unyevu. Maabara hutumia nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50. Nguvu ya kuhimili mvuto igawanye kwa uzito wa mita moja ya mraba, la sivyo karatasi nzito itashinda kwa unene tu.

Hesabu ni nyepesi: wastani wa mafungu manne yenye wanga, toa wastani wa manne yasiyo nao. Rudia hesabu hiyo kwa mafungu yaliyopondwa dakika 20 peke yake, kisha kwa yale ya dakika 40. Majibu yakiachana sana, vigezo hivyo vinategemeana.

Pima pia uchanikaji na muda wa maji kuchuja. Kuponda zaidi huongeza uwezo wa kuhimili mvuto, lakini karatasi huchanika upesi na rojo huchelewa kuchuja. Mseto uliokuvutia utengeneze tena siku nyingine, kabla hujanunua gunia la wanga.